Mjomba, ninunue Ninja ya Dar au CBR ya Iringa?

Mjomba, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 27, naishi Uyole hapa Mbeya, kazi yangu ni kwenye duka la pembejeo pale Mwanjelwa. Tangu nimalize shule naendesha Boxer, na sina malalamiko nayo. Lakini moyo wangu siku zote uko kwenye pikipiki ya spoti. Mwaka huu viazi vimenilipa, nikajibana, sasa nina milioni 7 mkononi.

Nimepata mbili. Ya kwanza ni Kawasaki Ninja 250R ya mwaka 2010, iko Dar, mita inasoma kilomita 38,000. Kava la upande mmoja limekwaruzika. Mwenyewe anataka milioni 6 na laki 8, na anasema nikimtumia nusu ataipakia kwenye lori, nusu nyingine nimalizie ikifika. Ya pili ni Honda CBR600F ya 2002, iko Iringa mjini. Hiyo mita iko 19,000 tu, imepigwa rangi upya, inapendeza kweli. Mwenye nayo alisafiri, kwa hiyo imekaa ndani miaka minne bila kuguswa. Anataka milioni 6 na nusu.

Rafiki zangu wote wanasema nichukue CBR, eti kilomita chache maana yake injini bado mpya. Fundi wangu anayenitengenezea Boxer anasema pikipiki za spoti hazidumu, zinapiga resi kubwa mno, mwaka haupiti injini imenoki. Ameniambia nikiamua kununua nisiweke oili ya pikipiki, niweke ile ya gari ya bei kubwa, ndiyo inalinda. Mwingine amenishauri nitoboe boksi la filta ipate hewa, kwa sababu pikipiki ikiletwa huku juu inakosa nguvu.

Mjomba, naomba uniambie nichukue ipi, nitajuaje kama injini ni nzima, na nifanyeje ili inidumu, kwa sababu hela hii sitaipata tena karibuni. Halafu kuna mama. Yuko Tukuyu, huwa naenda kumsalimia mwisho wa wiki. Amesikia habari hii na amesema nikinunua hiyo pikipiki nisimkanyagie uwanja wake. Sijui nimwambie nini.

Ndaga fijo.

Kijana wa Uyole

*

Marahaba, mpwa wangu. Hongera kwa viazi, na hongera zaidi kwa kuuliza hela ikiwa bado mfukoni.

Nianze na jibu. Kaiangalie Ninja, achana na CBR. Na usitume hata shilingi moja Dar. Panda basi, nenda mwenyewe, ukaiguse kwa mikono yako. Anayetaka nusu ya hela kwa pikipiki ambayo hujawahi kuisikia ikinguruma, mwache atafute mteja mwingine.

Rafiki zako wamevutwa na ile 19,000. Pikipiki iliyolala miaka minne haikupumzika, iliharibika taratibu. Petroli iliyobaki kwenye tenki na kwenye nozeli iligeuka gundi. Tenki lilianza kushika kutu kwa ndani. Oili ilichuruzika ikaacha kuta za silinda kavu, na ringi za pistoni zikikaa palepale kwenye unyevu zinashika kutu na kuganda. Sili zimekauka, mafuta ya breki yamevuta maji, tairi zimekakamaa. Ukiiwasha siku ya kwanza huenda ikanguruma vizuri tu, matatizo yataanza kujitokeza ukiwa njiani kati ya Mafinga na Makambako. Halafu hiyo rangi mpya inaniuma zaidi ya mita. Pikipiki iliyokaa ndani inapigwa rangi ya nini? Mara nyingi rangi mpya kwenye kava za spoti inafunika mahali ilipolala chini.

Na hata ingekuwa safi, hiyo si pikipiki ya kuanzia. Boxer yako 150 ina nguvu za farasi takribani 12. Ninja 250R ina thelathini na kidogo. CBR600F inapita mia moja. Inapita mwendo wa 100 ukiwa gia ya kwanza tu, na barabara yetu ya TANZAM kila baada ya kijiji kuna kibao cha 50. Injini yake ni silinda nne, vavu 16, kwa hiyo siku ya kurekebisha vavu au kusafisha nozeli unalipia kila kitu mara nne, na fundi anayeijua vizuri itabidi umtafute. CBR600F za miaka hiyo pia zinajulikana kwa tenshena, yaani kikazio cha cheni ya taimingi, kuchoka na kuanza kukereza. Ninja ni silinda mbili, vavu nane, injini imetengenezwa kwa mtu wa kila siku. Kilomita 38,000 kwa injini ile si nyingi kama ilitunzwa. Kama haikutunzwa, hata 15,000 ni nyingi. Kwa hiyo suala si mita, suala ni aliyekuwa nayo.

Sasa utamjuaje aliyekuwa nayo? Mwambie utafika asubuhi na mapema, na umwombe asiiwashe. Ukifika, salimia, halafu hata kabla ya kuzunguka kuangalia kava, weka kiganja chako juu ya injini. Iwe ya baridi kabisa. Ukikuta ina vuguvugu, amekwisha kuiwasha, na mtu hapashi injini ya pikipiki anayouza ila kuna kitu hataki ukione. Mwambie kwa heshima kwamba utarudi kesho alfajiri. Ikibidi ulale Dar siku mbili, lala.

Injini ya baridi haina siri. Iwashwe, usiguse resi, sikiliza. Mlio mwepesi wa tik-tik-tik kutoka juu, unaokwenda sawasawa, ni vavu, na usikutishe. Mafundi wengi huogopa vavu zinazolia, lakini kwa injini hizi hatari kubwa ni vavu iliyonyamaza. Vavu za spoti zikichakaa hubana badala ya kulegea. Ikibana sana haifungi vizuri, moto unapita pembeni unaiunguza, na wewe husikii chochote zaidi ya pikipiki kuwa nzito kuwaka asubuhi. Kwa hiyo ikisumbua kuwaka ikiwa ya baridi na ikishapata moto inawaka vizuri, shuku vavu zimebana. Muulize mara ya mwisho vavu zilipimwa lini. Akikushangaa, umeshapata jibu lako. Mlio wa kukereza upande mmoja unaotoweka injini ikishika joto, hiyo ni cheni ya taimingi. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, dug-dug, unaozidi ukiongeza resi, hapo usibishane bei. Toa mkono, aga, ondoka.

Simama nyuma uangalie moshi. Dar hutaona ule mvuke mweupe unaotoka kwenye ekzosi zetu asubuhi za Juni, na hata ukiuona Uyole ni maji tu, unaisha injini ikipata moto. Moshi mweupe usioisha, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Moshi wa bluu unapoongeza resi ni ringi. Moshi wa bluu unaotoka pale unapoachia resi ghafla baada ya kuipandisha, hizo ni sili za vavu. Iache inanguruma mpaka feni ya rejeta iwake yenyewe. Watu wengi huondoka kabla ya hapo, na feni iliyokufa ndiyo itakayokuchemshia injini Kitonga ukiwa nyuma ya malori.

Nenda na fundi mwenye geji ya kompresheni, ile inayopima mgandamizo ndani ya silinda. Silinda zote mbili zipimwe injini ikiwa na moto, resi imefunguliwa yote. Unachotafuta ni silinda mbili zinazokaribiana. Moja ikiwa chini sana ya mwenzake, kuna ringi au vavu. Na ukirudia kipimo hicho hicho Mbeya, usipige kelele: tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, hewa yetu ni pungufu karibu sehemu moja ya tano, na geji nayo itasoma pungufu hivyohivyo.

Hapo ndipo ninapomjibu huyo wa kutoboa boksi la filta. Nguvu inayopungua huku inapungua kwa sababu ya hewa nyepesi, na filta haihusiki. Ukitoboa, unachoongeza ni vumbi. Vumbi la Usangu na la njia ya Chunya likipita filta linasaga ringi na kuta za silinda mpaka injini inaanza kula oili. Sijui kitu kinachoua injini upesi zaidi ya hicho. Acha boksi kama lilivyotoka kiwandani, safisha filta mara kwa mara, na kama ni ya sponji ipake oili yake ukishaiosha.

Lakini kuna jambo la kweli ndani ya maneno yake. Ninja 250R zilizouzwa Marekani zilikuja na kabureta, za Ulaya na Japani zilikuja na EFI, yaani nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Uliza na uangalie, kwa sababu pikipiki zinafika kwetu kutoka kila upande. Ya EFI inapima hewa yenyewe na kupunguza petroli inapopanda mlima. Ya kabureta iliyosetiwa Dar ikifika Uyole inamwaga petroli ileile kwenye hewa kidogo. Plagi zinakuwa nyeusi, ulaji wa mafuta unapanda, na petroli isiyoungua inaosha oili kwenye silinda. Dawa yake ni fundi kubadilisha jeti, vile vitundu vya kabureta vinavyopitisha petroli, na kuiseti upya hapa hapa Mbeya. Mimi kwa milima yetu ningechukua ya EFI hata kama ni ghali kidogo.

Fundi wako wa Boxer amekutunza vizuri na uendelee kumheshimu, ila kwa oili amekosea, na kosa hilo litakugharimu klachi. Kwenye pikipiki hizi klachi inaoga ndani ya oili ileile ya injini. Oili nyingi za gari, hasa hizo za bei, zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Utakuta injini inapiga resi na pikipiki haiendi. Tafuta kopo lenye maandishi JASO MA au MA2, daraja la 10W-40. Ukiona MB iache, hiyo ni ya skuta. Nunua kopo lenye sili kwa wakala anayejulikana, usinunue ya kupimiwa kwenye pipa. Siku ya kwanza mwaga oili yote uliyoikuta, ichuje kwenye kitambaa cheupe ukiwa juani. Weusi si tatizo. Vipande vinavyometameta ni chuma, na hivyo vinasema kitu kinasagika. Badilisha na filta. Rudia baada ya kilomita 1,000, halafu endelea kila 4,000. Kitabu cha pikipiki kitakupa nafasi ndefu zaidi, lakini kwa vumbi letu na safari fupi za Uyole na Mwanjelwa, mimi nasema 4,000. Kila wiki angalia kioo cha oili pikipiki ikiwa imesimama wima. Ikiegemea stendi ya pembeni itakudanganya.

Hofu ya resi ndiyo ninayotaka uiache kabisa, kwa sababu ndiyo inayowafanya waliotoka kwenye Boxer waue spoti bila kujua. Mstari mwekundu wa Ninja 250R uko kwenye mizunguko 13,000 kwa dakika. Ukienda 100 kwa gia ya sita, inasoma karibu 8,000. Ukija na masikio ya Boxer utadhani inapasuka, utapandisha gia mapema, utapanda Mlima Nyoka kwa gia ya tano injini inakohoa kwenye 3,000. Huko ndiko kuiumiza. Pistoni inasukumwa kwa nguvu wakati krenki inazunguka polepole, na mzigo wote unabaki kwenye beringi. Shusha gia, iache iimbe. Kinachoua ni kuipandisha resi ikiwa baridi. Asubuhi za Juni na Julai oili yetu ni nzito, inachukua muda kufika juu kwenye vavu. Iwashe, vaa kofia yako na glavu, halafu ondoka taratibu bila kuvuka nusu ya mita ya resi mpaka injini ishike joto. Na mchezo wa bodaboda wa kuzima injini mteremkoni kuokoa petroli, uuache hukohuko. Gia zinazunguka bila pampu ya oili kufanya kazi, na breki zako zinabeba kila kitu peke yake.

Kwenye rejeta weka kulanti, ile dawa maalumu ya kupozea injini, usiweke maji ya bomba. Mbeya maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 95, na maji matupu yanaota kutu ndani ya injini. Mfuniko wa rejeta ukilegea badilisha, kwa sababu ndio unaoshikilia mgandamizo unaozuia kuchemka. Usiufungue kukiwa na moto.

Sasa hela, na hapa nakuomba unisikilize sana. Ukitoa milioni 6 na laki 8 unabaki na laki 2, na laki 2 hazitoshi. Ukishanunua kuna oili, filta, plagi, kulanti, mafuta ya breki, pengine cheni na spoketi, pengine tairi, bima, na kuhamisha umiliki. (Tairi zisome pembeni, kuna tarakimu nne: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Usipande mlima kwa tairi ya namna hiyo hata kama makunyanzi hayaonekani.) Mpe muuzaji milioni 5 na nusu, ukitaja lile kava lililokwaruzika na sevisi inayokuja. Akikataa kabisa kushuka chini ya 6, rudi nyumbani ukapande tena viazi. Ninja hazijaisha duniani.

Kadi iwe na jina la anayekuuzia. Namba ya injini na ya chesisi zisome mwenyewe kwenye chuma, zilingane na kadi tarakimu kwa tarakimu. Angalia kama namba ya pikipiki ina faini za barabarani. Mwandikishane kwa wakili, mkahamishe umiliki TRA mkiwa wote wawili. Na leseni yako iwe daraja A, kwa sababu A1 ni ya pikipiki ndogo chini ya cc 125.

Ukishainunua, ifanyie sevisi hukohuko Dar, halafu ipakie kwenye lori uliloliona mwenyewe. Najua utatamani kuja nayo. Ni zaidi ya kilomita 800, pikipiki hujaizoea, na katikati kuna Kitonga yenye malori yanayopumua mgongoni kwako. Safari hiyo ifanye baadaye ukishaijua vizuri.

Mama. Mpwa wangu, mama hagombani na pikipiki, anaogopa kukuzika. Usimpelekee habari za cc wala bei. Nunua kwanza kofia nzuri inayofunika uso wote, koti, glavu na viatu vya kufunika kifundo, uvitoe kwenye hizo milioni 7 kabla ya pikipiki. Mpelekee avione. Mwambie barabara ya Tukuyu hutaipita usiku, na ukungu wa Isyonje ukishuka utasimama ungoje, hata ukichelewa kufika kwake. Halafu ulitimize. Miezi ya mwanzo nenda Tukuyu kwa daladala au kwa Boxer kama kawaida, na Ninja ibaki kwenye barabara za kuzoelea hapa Uyole mpaka uweze kusimama kwa dharura bila tairi kuteleza. Akikuona umetulia, uwanja atakufungulia mwenyewe.

Ukifika Dar na geji ikishasoma, niandikie namba za silinda zote mbili na uniambie kama ni kabureta au EFI. Usitoe hela mpaka nikujibu.